Sue Ellen Alirudi kwa Babake

(Hotuba kwa waandishi na waigizaji chipukizi, Mombasa)

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki na joto hili la Mombasa, asalaam aleikum.

Walioniita walinipa mada imeandikwa kwenye karatasi: "Kwa nini watu wetu wanapenda tamthilia za nje kuliko za kwao?" Nimeisoma, na kila nikiisoma naona imeshatoa hukumu kabla kesi haijasikizwa. Naomba ruhusa niigeuze kidogo. Nataka tuulize tamthilia iliyotungwa Istanbul au Mexico inafikaje hapa ikakaa ukumbini mwetu kama mtu wa nyumba, na ni nani hasa anayeivusha. Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuandika maneno ya Kiswahili wanayotiliwa waigizaji wa kigeni. Nimeifanya Nairobi na Dar es Salaam. Mtatarajia niseme ni sisi watia sauti tunaoivusha. La, sisemi hivyo.

Tuanze na Dallas. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Ilianza Marekani mwaka 1978 ikaisha 1991: ukoo wa matajiri wa mafuta huko Texas, ndugu wanagombania mali na ukubwa, wake zao wote wako chini ya paa moja na mama mkwe. Mwaka 1980 watu wa nchi nyingi walishinda miezi wakiulizana ni nani aliyempiga risasi J.R., kaka mkubwa wa ukoo huo. Wasomi wa siku hizo wengi walikasirika. Walisema Marekani inawamwagia watu wa dunia tabia zake vichwani, na watu wenyewe wamekaa kimya wanapokea. Watafiti wawili, Elihu Katz na Tamar Liebes, wakaona bora kwanza waende wakawasikize hao wanaosemwa. Wakaingia majumbani huko Israel, kwa Waarabu, kwa Wayahudi waliotoka Morocco, kwa wahamiaji wapya kutoka Urusi, kwa watu wa kibbutz, vile vijiji vya ujima vya Wayahudi. Kisha wakaenda kwa Wamarekani wenyewe na kwa Wajapani. Jamaa na majirani wanaketi pamoja, wanatazama sehemu moja ya Dallas, halafu wanaombwa waeleze walichokiona.

Sasa sikilizeni. Katika kisa hicho Sue Ellen, mke wa J.R., amechoshwa na vituko vya mumewe. Amebeba mtoto wake ameondoka, na amekwenda kukaa kwa mwanamume aliyekuwa hawara yake, nyumbani kwa baba wa mwanamume huyo. Tamthilia haikuficha kitu. Lakini kundi moja la Waarabu lilipoulizwa Sue Ellen yuko wapi, lilijibu: amerudi kwa babake.

Mimi nilipolisoma jibu hilo mara ya kwanza nilicheka, halafu nikanyamaza, maana nilimsikia shangazi yangu ndani yake. Mke ameudhiwa, ana mtoto mkononi, anatoka usiku. Aende wapi? Hapa kwetu atafunga nguo zake arudi kwao. Baada ya siku chache wazee watakuja, ami na mjomba na labda jirani mwenye busara, wataketi barazani, kahawa itapita, na yule mume ataambiwa maneno ambayo hatayasahau. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtunzi wa Texas akiandika vingine, basi amesahau kitu, na mtazamaji anamkumbusha kwa adabu tu.

Wale watu hawakuwa wamesinzia mbele ya tivi. Walikuwa macho kuliko wasomi walivyodhani. Na si wao peke yao, kila kundi lilikuwa na Dallas yake. Waarabu na wale wa Morocco walisimulia kisa kwa mfululizo, nani kamfanya nani, nani kamjibu nani. Warusi walimshuku mtunzi: anataka kutufundisha nini huyu? Wamarekani na wale wa kibbutz waliingia ndani ya nafsi za wahusika, kwa nini huyu yuko hivi, amepungukiwa na nini. Mimi wote hao nawajua. Wanaishi katika nyumba moja huko Majengo. Shangazi anasimulia mfululizo, kaka aliyerudi chuo kikuu anasema hizi ni propaganda, na binti wa sekondari ameshampa J.R. jina la ugonjwa wa akili.

Japan, Dallas ilipelekwa ikashindwa. Pesa ile ile, farasi wale wale, majumba yale yale, na haikuchukua muda ikaondolewa. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mtu anapowaambia kwamba tamthilia husafiri kwa sababu ya kamera nzuri.

Kwa hivyo jibu langu nalitoa mapema, wenye haraka waende zao. Anayeivusha tamthilia ni yule anayeisimulia asubuhi ya pili kwa muuza mahamri. Yule anayemwambia mwenzake, "Jana ulilala? Basi ngoja nikwambie." Hapo ndipo Mturuki anapopata ukoo wa Kimombasa, hapo ndipo mavyaa wa Mexico anapofananishwa na mavyaa wa nyumba ya tatu, na anayesimulia anapunguza yasiyofaa na kuongeza yanayokosekana. Tamthilia isiyompa huyu mtu kitu cha kusimulia haivuki hata Likoni, sembuse bahari.

Na sisi watu wa pwani hatukuianza kazi hii na televisheni. Utenzi wa Mikidadi na Mayasa ni nini? Kijana shujaa, binti mwenye sharti zake, baba anayetaka mahari ya kumkimbiza mtu. Kisa ni cha Uarabuni, lakini kimeimbwa kwa Kiswahili, na sijapata kusikia mtu akilalamika kwamba Mayasa si mzaliwa wa Kibokoni. Utendi wa Tambuka, ambao tarehe yake inatajwa kuwa 1728, uliwapa watu wa Pate vita vya Mfalme wa Rumi. Sinema za Kihindi zilipokuja, watu walitoka wakilia kwa wimbo ambao hawakuelewa hata neno moja, na Juma Bhalo akazichukua sauti zile akazitia mashairi yetu, mpaka leo harusini watu wanatikisa vichwa. Nani atasema Bhalo alikuwa Mhindi?

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna njia moja ambayo watu hawaijui, na inafika mpaka Kenya.

Havana, Cuba, mwaka 1865. Katika viwanda vya sigara, watu wanakaa safu kwa safu wanasokota tumbaku kutwa nzima. Kazi ya mikono, kichwa hakina la kufanya. Wakakubaliana kuweka msomaji: mtu anakaa juu ya jukwaa, anawasomea magazeti na riwaya kwa sauti wakati wao wanasokota. Wafanyakazi wenyewe ndio waliomlipa. Riwaya haziishi siku moja, kwa hivyo msomaji anakatiza, kesho anaendelea. Mwenye kukatiza vibaya watu wanamlaumu. Mwenye kukatiza vizuri, watu wanawahi kazini. Nyinyi mnaoandika, kaeni na picha hiyo. Huyo ni mwandishi mwenzenu, ila aliwaona wasikilizaji wake usoni, na nyinyi hamuwaoni.

Redio ilipokuja, Cuba ikawa na masikio yaliyozoea hadithi za mfululizo. Mwaka 1948 Félix B. Caignet akatoa mchezo wa redio, El derecho de nacer, juu ya mtoto aliyekataliwa na babu yake, akalelewa na yaya mweusi, akakua akawa daktari. Kisa hicho kilizunguka Amerika ya Kilatini yote. Baada ya mapinduzi waandishi wengi wa Cuba walihama na ufundi wao wakaupeleka Mexico, Venezuela na Miami. Mwandishi mwingine wa redio wa Cuba, Inés Rodena, ndiye aliyetunga kisa ambacho Mexico ilikifanya Los ricos también lloran mwaka 1979: msichana maskini, yatima, anachukuliwa katika nyumba ya tajiri, na mwana wa nyumba anampenda. Mnakijua kisa hiki? Mnakijua. Mmekitazama kwa majina mengine labda mara saba. Mexico yenyewe ilikirudia mwaka 1995 kwa sura ya Thalía. Na ile Los ricos ya kwanza ilipofika Moscow, dola la Kisovieti linasambaratika, mishahara hailipwi, rafu za maduka tupu, watu waliacha yote wakaenda kumtazama Mariana, yule msichana yatima. Mwigizaji wake, Verónica Castro, alipokwenda Urusi mwaka 1992 alipokewa kama malkia.

Watu wanacheka: mzee wa Kirusi mwenye medali za vita anamlilia mtumishi wa Mexico! Mimi sicheki. Nchi yake ilikuwa imemtoa nyumbani usiku ule ule.

Lakini rudini nyuma kidogo, mwaka 1969, Peru. Kulikuwa na tamthilia ya Simplemente María, msichana wa mashambani anayekuja mjini kuwa mtumishi wa nyumba, anajifunza kushona, anainuka kwa cherehani yake. Mauzo ya cherehani za Singer yalipanda. Siku ya kupiga picha za harusi yake huko Lima, maelfu ya watu walijaa kanisani wamevaa nguo zao nzuri, kama wamealikwa. Mtu mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, mtengeneza vipindi, aliliona jambo hilo akajiuliza: kama tamthilia inaweza kuuza cherehani bila kukusudia, je, mtu akikusudia? Miaka ya 1970 akatengeneza tamthilia za kuwahimiza watu wazima warudi kusoma, kisha za uzazi wa mpango.

Mbinu hiyo India ikaichukua. Mwaka 1984 televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaanza Hum Log, kisa cha familia ya kawaida, sehemu zaidi ya 150, na mwisho wa kila sehemu mwigizaji mkongwe Ashok Kumar anatokea kuzungumza na watazamaji. Na mwaka 1987 mbinu hiyo hiyo ikafika Kenya: Tushauriane kwenye televisheni, Ushikwapo Shikamana kwenye redio. Kwa Kiswahili, kwa waigizaji wetu, juu ya wake na waume na idadi ya watoto. Wazee hapa wanatikisa kichwa, wanakumbuka. Kwa hivyo tulipokuwa tukitazama Tushauriane na kusema "hiki angalau ni chetu," ndani yake kulikuwa na Mexico, nyuma ya Mexico kuna Peru, na kwa mbali yule msomaji wa kiwanda cha sigara. Halikuwa kosa. Kilikuwa chetu kweli. Ninachosema ni kwamba ukifuatilia mpaka mwanzo hutaupata mpaka. Utapata mtu aliyekaa mbele ya watu wanaofanya kazi, anajua pa kukatiza.

Niingie sasa kazini kwangu, maana nimeahidi vijana nitawaeleza inavyofanywa.

Tamthilia za Kituruki mnazozipenda, kwao zinatoka mara moja kwa wiki, na sehemu moja inaweza kupita saa mbili. Huku hakuna kituo kitakachokupa saa mbili kila usiku. Kwa hivyo zinauzwa nje zimekatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Ndiyo maana mara nyingine sehemu inaisha mtu amefungua mdomo tu, hajasema kitu, na shangazi anapiga kelele kwamba mtunzi amefanya makusudi. Mtunzi hayumo. Ni mkasi wa muuzaji. Halafu sehemu nyingine inaanza kwa watu kutazamana dakika mbili na fidla inalia, kwa sababu kwao hapo palikuwa katikati ya usiku mrefu, watu wameshakunywa chai ya pili.

Tunapotia sauti, tunapewa mkanda wa muziki na milio bila maneno: mlango, gari, mvua. Kila kinachotoka kinywani mwa mtu kinabaki nje, na kilio kimo katika hivyo. Nataka mkijue hiki. Hurrem, yule mke wa Sultani katika tamthilia ya Kituruki, akilia, yule Mturuki aliyelia hamumsikii kabisa. Mnamsikia dada mmoja amesimama katika chumba kidogo kilichozibwa magodoro, feni imezimwa kwa sababu inaingia kwenye maikrofoni, jasho linamtoka, macho yako kwenye skrini, na analia upya kwa kufuata mabega ya mwenzake. Akichelewa nusu sekunde, turudie. Akilia kwa sauti ya msibani badala ya sauti ya mtu anayejificha asisikike, turudie. Nimeona dada akirudia kilio hadi kikawa cha kweli, akatoka nje kunawa uso, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sisi tunaoandika maneno tuna mashaka yetu. Mara nyingi hatupewi Kituruki, tunapewa Kiingereza ambacho kimeshachujwa. Mdomo wa mwigizaji unafunga, Kiswahili chetu kinataka kuendelea kwa silabi tatu. Akifumba midomo tunatafuta neno lenye m au b pale pale. Mtu anasema neno moja kwa ukali, na sisi adabu yetu inataka maneno manne. Unakata, unabadilisha, unamfanya aseme jambo akiwa amegeuka mgongo ili mdomo usionekane. Hayo ni ya fundi, nayapita.

Lililo kubwa ni hili: tunatia Kiswahili gani? Mwaka 2008 kituo cha Kiarabu cha MBC kilitoa tamthilia ya Kituruki iitwayo Gümüş, wakaiita Noor. Kwao Uturuki haikuwa imetikisa nchi. Uarabuni ilitikisa. Sehemu ya mwisho, tarehe 30 Agosti 2008, inakadiriwa ilitazamwa na watu milioni 85. Wanawake walimlinganisha Muhannad, mume wa kwenye kisa, na waume zao, na waume hawakupenda. Watalii wa Saudia walijaa Istanbul. Kwa nini? Sababu ni nyingi, lakini moja ni hii: tamthilia za Mexico zilizotangulia zilitiwa Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni na habari. Noor ilitiwa Kiarabu cha Syria, Kiarabu cha jikoni, cha mtu anayemwita mtoto wake aje ale. Majina nayo yalibadilishwa. Mehmet akawa Muhannad.

Halafu njooni kwetu. Tamthilia ya kwanza ya Kichina kutiwa Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake, ilionyeshwa Tanzania mwaka 2011, na watu waliipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Wengi walishangaa: Beijing na Dar zina nini pamoja? Zina mavyaa pamoja. Mkaza mwana mmoja, mavyaa zaidi ya mmoja, chumba kidogo. Mnataka nini tena?

Lakini niseme ukweli kuhusu kazi yetu, na mimi nimo. Kiswahili tunachotia mara nyingi kimepigwa pasi mno. Bibi harusi amegundua mumewe ana mke mwingine, na anasema, "Nimesikitishwa sana na kitendo chako." Nani amewahi kusema hivyo usiku saa nne? Hiyo ni taarifa ya habari. Mwanamke wa Kisauni angesema kitu kifupi zaidi, na sufuria ingesikika. Tunafanya hivi kwa sababu tunataka tueleweke kutoka Lamu hadi Kigoma, na mwenye kituo anataka lugha isiyomkera mtu. Tunaeleweka, ndiyo. Hatuaminiki. Ndiyo maana vijana walikimbilia kwa DJ Afro hapa Kenya, na kabla yake Tanzania kwa Lufufu, watu wanaosimama juu ya filamu ya kigeni wakaisimulia kwa lugha ya mtaa, wakawapa wahusika majina, wakawatania, wakawagombeza. Wenye vyeo huwaita waharibifu. Mimi nawaona ndio wanaoelewa kazi.

Sasa kuna wazee wangu hapa mbele ambao najua wana neno, kwa sababu mmoja ameshaniambia mlangoni. Wanasema tamthilia hizi zinavunja nyumba. Sitawajibu kwa kejeli, kwa sababu wana hoja. Pale Noor ilipovuma, Mufti Mkuu wa Saudia aliikemea hadharani. Mwaka huo huo wa 2008 serikali ya Afghanistan iliamuru tamthilia za Kihindi zisimamishwe kwa sababu ya mavazi na masanamu. Na utafiti wa Brazil umeonyesha jambo ambalo si la kupuuzwa: sehemu zilizofikiwa na matangazo ya televisheni ya Globo, yenye tamthilia ambamo wanawake wakuu hawana watoto au wana mmoja tu, wanawake wake walizaa watoto wachache zaidi. Kwa hivyo anayesema "hizi ni hadithi tu, hazimgusi mtu" anadanganya. Sabido alijua zinagusa. Muuza cherehani alijua.

Ila mzee wangu, kuzima tivi si dawa, kwa sababu mtoto ana simu, na kwenye simu anatazama peke yake. Yale makundi ya Katz na Liebes yalitazama pamoja. Yule aliyesema Sue Ellen amerudi kwa babake alisema mbele ya jamaa zake, na wakaitikia. Mtu akitazama peke yake chini ya shuka, hakuna wa kumrudisha Sue Ellen kwao. Kaa naye utazame. Uliza maswali ya kuudhi. "Huyu babake yuko wapi? Hana ndugu? Mahari alilipa nani?" Nakuhakikishia usiku mmoja tu wa maswali hayo unatosha.

Bei nitaigusa tu. Kununua sehemu iliyokwisha kutengenezwa na kulipiwa kwao ni rahisi mno kuliko kutengeneza moja hapa, na muuzaji humpimia kila mnunuzi kwa ukubwa wa soko lake. Kituo kikikwambia watazamaji wanataka za nje, mwombe kwanza akuonyeshe hesabu zake.

Maana za kwetu zinapendwa. Maria ilipoanza mwaka 2019 kwenye Citizen, chini ya kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mtu asiyekuwa nyumbani jioni alikuwa na lake. Kisa chake, msichana wa mtaa duni katika nyumba ya tajiri, nimeshawaeleza kilikotoka. Safari ndefu kutoka Cuba. Mwaka 2022 ikaja Sultana, huku pwani, msichana asiyeona, mabaraza, maji, Kiswahili chenye chumvi. Kuna mengi ya kukosoa ndani yake, na mimi nimeyakosoa mbele ya waliohusika. Lakini niliwaona watu wa bara wakiiga matamshi yetu kwa mapenzi, jambo ambalo shule hazikuliweza.

Hapa ndipo nagombana na baadhi yenu. Kijana mmoja aliniletea mswada, umeandikwa vizuri, kisa kinatokea katika mji usio na jina, wahusika wana majina yasiyo ya mahali, wanakula chakula kisichotajwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, nataka iende kimataifa."

NHK, televisheni ya umma ya Japan, ilipotengeneza tamthilia ya Oshin mwaka 1983, waliitengenezea akina mama wa Japan wanaokunywa chai asubuhi. Dakika 15 kila sehemu, sehemu 297. Mtoto wa kike wa wakulima wa Yamagata, theluji magotini, anatolewa kwenda kutumika kwa malipo ya mchele. Wali uliochanganywa na figili ili ushibishe watu. Hakuna aliyewaza juu ya mtazamaji wa Tehran au Cairo wala Bangkok. Ikaonyeshwa nchi zaidi ya 60. Walipunguza theluji? Walificha figili? Mtazamaji wa Tehran hakuwa na figili katika wali wake, lakini alijua mama anayejifanya ameshiba.

Nyinyi mna mambo ambayo Mturuki hana. Mna kiwanja cha Mji wa Kale chenye warithi ishirini, nusu wako Muscat na mmoja yuko Toronto anasaini kwa simu. Mna Mahakama ya Kadhi, imo ndani ya Katiba ya Kenya, kifungu cha 170, watu wanaingia pale na mirathi na talaka zao kila siku ya kazi. Uturuki ilikwisha kuacha mambo hayo tangu 1926, ikachukua sheria ya Uswisi. Ndiyo kusema, wao wakitaka mandhari ya ndugu wawili na dada yao mbele ya kadhi, dada amenyamaza, wakili ameshika cheti cha ndoa ambacho hakuna aliyejua kipo, itabidi warudi nyuma miaka mia na washone nguo za kale. Nyinyi mnapanda matatu tu mkashuke mlangoni. Ingieni, ketini nyuma, sikilizeni namna watu wanavyonyamaza kabla ya kujibu.

Nimepewa ishara kwamba muda umekwisha, na kuna vikaratasi vya maswali hapa. Nitajibu kimoja kwa sauti, vingine tutazungumza huko nje kwenye kahawa. Huyu, mwandiko wa dada nadhani, anauliza: "Nikiandika Kimvita kitupu, watu wa Dar na Nairobi wataielewa kweli, au niandike sanifu nisipoteze watazamaji?"

Andika Kimvita, dadangu. Mtu wa Nairobi akikwama neno, atamgeukia aliye karibu naye kwenye kochi. Huyo naye pengine halijui, lakini hatakubali kuonekana halijui, kwa hivyo atamweleza. Na atakachomweleza huenda kikawa kizuri kuliko ulichoandika wewe.